Kabla hujapiga dawa hesabu miguu kwanza: vidudu vya mtungi, vijongoo, papasi na sota tuvitofautishe

#1 Mleta uzi (Lushoto)

Habarini wakuu, wakubwa shikamooni.

Nafungua huu uzi nikiwa na uchungu, na ntaandika kirefu mnivumilie. Mimi na mdogo wangu tunalima kabichi na nyanya huku Lushoto, kitalu kipo nyuma ya nyumba kwenye kivuli cha mparachichi. Wiki tatu mfululizo kila tukiamka tunakuta miche imelala, imekatwa usawa wa udongo kama mtu kapita na wembe, majani yamebaki palepale yananyauka. Ukifunua matandazo unakuta vidudu vya kijivu vya magamba vimejaa, ukivigusa vingine vinajikunja vinakuwa duara kama punje ya pilipili manga, vingine vinakimbia kutafuta giza. Basi mdogo wangu akaenda duka la pembejeo akaeleza hivyohivyo, vidudu vya kijivu, muuzaji hakuuliza hata swali moja akampa dawa, tukapiga kitalu chote. Kesho yake vidudu vimelala chali mamia kwa mamia na minyoo ya udongo imetoka juu imekufa. Usiku wa tatu miche 11 ikakatwa tena.

Ndo nikatoka mwenyewe saa nne usiku na tochi ya simu. Nikachuchumaa kama nusu saa hivi kimya, mara nikaona mche mmoja unatikisika na upepo hakuna. Nikafukua pembeni ya shina na kijiti, kina cha pingili moja ya kidole tu, akatoka kiwavi mnene rangi ya udongo, laini, amenona, nilipomgusa akajikunja kama herufi C. Sota. Muda wote huo alikuwa sota, anakata usiku, mchana anajizika hapohapo chini ya mche aliouua, na sisi tukifunua tunakutana na wale wa kijivu wanaokula majani yaliyooza tunawapa kesi.

Sasa toka siku hiyo nimekuwa nawaangalia hawa viumbe kwa karibu na kusoma sana, nikagundua hata jina la kukubaliana hatuna, kila mtu anasema "vile vidudu". Marehemu bibi yangu alikuwa anaviita vidudu vya mtungi, maana ukisogeza mtungi wa maji pale kwenye unyevu ndo unavikuta vimelaliana. Ntatumia hilo jina humu.

Kwanza kabisa vidudu vya mtungi sio wadudu. Ni ndugu wa kaa na kamba wa baharini waliohamia nchi kavu, kundi lao linaitwa isopodi na spishi za nchi kavu zinazojulikana ni zaidi ya 3,500. Ngozi yao haina ile nta ya kuzuia maji yasitoke mwilini kama aliyonayo mende au siafu, kwahiyo wakikaa juani wanakauka wanakufa, ndo maana utawakuta chini ya mawe, magogo, matofali, ndoo, kokote kwenye giza na ubichi. Wanapumua kwa vibamba vilivyo chini ya tumbo upande wa nyuma, kwa spishi nyingi ukimgeuza utaona madoa meupe pale, ndo mapafu yao.

Namna ya kumjua: chukua chupa ya glasi safi, muingize, inua juu ya usawa wa macho umuangalie kwa chini akitembea kwenye kioo. Hesabu miguu. Ana 14, pea saba, yote inafanana na kila pingili ya kifua ina pea yake moja. Ana antena mbili ndefu zinazoonekana, zimepinda kama kiwiko. Akiwa na 6 huyo ni mdudu, labda mende mchanga ambaye bado hajaota mabawa. Akiwa na 8 weka chupa chini kwa uangalifu, huyo anaweza kuwa kupe au papasi. Akiwa na mingi mpaka unapotea kuhesabu, huyo ni jongoo au tandu.

Na ndani ya vidudu vya mtungi wenyewe kuna makundi mawili makubwa ambayo watu wanayachanganya kila siku, wale wanaojikunja duara kamili na wale wasiojikunja. Ntaelezea chini, ngoja nikaangalie chakula jikoni.

#2 Mdau (Mbeya)

Mkuu umenigusa, mimi hawa nawaona kwenye mbolea ya samadi kila siku. Ila swali, hawa wanaojikunja na wasiojikunja si ni dume na jike? Mimi toka utotoni ndo nilivyoambiwa.

#3 Mleta uzi

Hapana mkuu, hiyo hata mimi nilikuwa naamini. Ni spishi tofauti kabisa, na kila spishi ina dume na jike wake.

Anayejikunja mgongo wake umeinuka juu kama paa la msonge, ukimuangalia kwa mbele ni kama nusu duara. Nyuma yake ni pamoja, butu, hakuna kinachochomoza. Ukimgusa anafunga kila kitu ndani, miguu, kichwa, anabaki kipira kigumu, unaweza ukamviringisha kwenye kiganja. Ni kama kakakuona kwa udogo. Wa Ulaya anayejulikana zaidi anaitwa Armadillidium vulgare, na hilo jina limetokana na mnyama mmoja wa bara la Amerika mwenye magamba ambaye na yeye spishi zake chache hujikunja.

Asiyejikunja ni bapa, kingo za mwili zimetandaza pembeni kama ngao, na nyuma ana vimikia viwili vidogo vinachomoza vimeachana kama herufi V iliyogeuzwa. Hiyo mikia ndo alama ya haraka kuliko zote, huhitaji hata chupa. Ukimgusa anakimbia au anajibana chini kwenye jiwe kwa nguvu mpaka unamwondoa na ukucha. Wa Ulaya wanaosambaa sana ni Porcellio scaber ambaye mgongo wake una chunusichunusi, na Porcellio laevis ambaye ni laini anang'aa. Hawa wamesafiri na binadamu kwenye udongo wa vyungu na shehena mpaka wapo karibu dunia nzima. Kwenye nchi za joto tunao na wengine wetu, wa kujikunja wengi huku tropiki ni wa familia nyingine inaitwa Armadillidae, kwahiyo ukikuta wako hafanani sawasawa na picha za Ulaya usijione umekosea, angalia umbo na mkia.

Rangi achana nayo kabisa. Kuna wa kijivu, kahawia, wenye madoa ya njano, na kuna siku utakuta mmoja nusu ya nyuma nyeupe kama chaki na nusu ya mbele kijivu ukadhani anaumwa. Huyo anajivua gamba. Wao hawavui lote kwa pamoja, wanavua nusu ya nyuma kwanza, baada ya siku moja mbili ndo wanavua ya mbele, halafu gamba la zamani wanalila maana lina chokaa ambayo bado wanaihitaji. Mimi nimemuona juzi kwenye chupa, mstari katikati umenyooka kama umepigwa rula.

#4 Mdau, muuguzi (Dodoma)

Dada mleta uzi Mungu akubariki, umegusia papasi ukapita haraka, naomba nikazie hapo maana ndo kazi yangu.

Huku kwetu nyumba za udongo bado zipo nyingi, sakafu ya vumbi, kuta zina nyufa. Papasi anakaa humohumo kwenye nyufa na vumbi chini ya kitanda, anatoka usiku kunyonya, hamalizi hata saa moja ameshashiba anarudi kujificha. Ndo maana mtu anaamka ana alama na hajaona kitu. Ni wa kijivu au kahawia, hana umbali sana na ukubwa wa hivi vidudu vya mtungi, na akishtuka anatulia kimya kama kijiwe. Kwa mtu mwenye haraka wanafanana kabisa.

Sasa mtofautishe hivi. Papasi hana magamba ya kupangana mgongoni, ngozi yake ni moja tu, ina makunyanzi kama zabibu kavu, akishanyonya inajaa inakuwa mviringo. Hana antena. Ukimtazama kwa juu huoni kichwa, mdomo umejificha chini. Miguu 8. Kidudu cha mtungi ukimtazama juu unaona mistari ya magamba kama mabati yaliyopishana na antena mbele, na hanyonyi damu, hana hata mdomo wa kazi hiyo.

Jamani papasi sio wa kuchekea. Anaambukiza homa ya papasi, homa inapanda siku kadhaa, inaacha unadhani umepona, inarudi tena. Wengi wanakunywa dawa za malaria wee haisaidii. Hasa mama mjamzito na watoto wadogo inawaumiza vibaya. Mwaka 1905 kule Congo daktari Mwingereza Joseph Everett Dutton alikuwa anachunguza jambo hilihili, kuonyesha kwamba papasi ndo anapeleka vimelea kwa binadamu, akaambukizwa yeye mwenyewe na akafia hukohuko. Kwahiyo kama unalala nyumba ya udongo, unaamka na alama na homa inakuja inaondoka, nenda kapimwe damu na umwambie daktari kwamba nyumbani kuna papasi, hilo neno moja litasaidia sana.

Na kinyume chake pia nimekiona, mama kaja na mtoto na kidudu kwenye kopo analia anasema papasi wamejaa bafuni. Tukahesabu, 14, kina mikia miwili. Nilimwambia mama rudi nyumbani angalia bomba linalovuja. Alinishika mkono akashindwa kuongea.

#5 Mleta uzi

Asante sana dada muuguzi. Hiyo ya zabibu kavu nimeielewa vizuri kuliko nilivyosoma kokote.

#6 Mkulima wa stroberi (Limuru)

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania, mimi niko Limuru na nasoma huu uzi toka mwanzo. Naomba nipinge kidogo lakini kwa heshima. Unasema hawa wa kijivu hawana makosa, mbona mimi nikiinua stroberi iliyoiva ikalala kwa udongo napata wako ndani yake, wameichimba shimo? Na si sota, sota namjua vizuri, nimemtoa kwa sukuma wiki miaka mingi. Hawa ni wa kujikunja, nimewaona na macho yangu.

#7 Mleta uzi

Kaka upo sahihi na nashukuru umesema. Niliandika kwa hasira ya miche yangu nikawatetea kupita kiasi.

Chakula chao kikubwa ni kilichooza, majani makavu, mbao laini, kinyesi, ukungu. Ila tunda laini lililogusa udongo wenye maji watalila, na mche mchanga kabisa ukiwa umezungukwa na matandazo mazito na wao ni wengi kupita kiasi wanaweza kuutafuna. Argentina wakulima wa soya wanaolima bila kutifua, wakiacha mabaki mengi juu ya udongo, Armadillidium vulgare amewaharibia miche kweli kweli. Kwahiyo tofauti iangalie kwenye jeraha lenyewe. Sota anakata shina, mche unaanguka mzima. Koa anatoboa matundu kwenye majani na anaacha ule ute unaong'aa asubuhi. Kidudu cha mtungi anakwangua, unaona ngozi ya shina imeparuzwa au jani limemegwamegwa pembeni, na mara nyingi tunda lilishapasuka au kuchubuka kabla yeye hajafika.

Kwa stroberi inua matunda yasiguse udongo, weka nyasi kavu chini yake, na mwagilia asubuhi badala ya jioni ili usiku juu pawe pakavu. Wakizidi kata kiazi mbichi nusu, kichimbe katikati, kilaze kifudifudi jioni, asubuhi unakuta wamejaa chini yake unawahamisha kwenye shimo la mboji. Nimejaribu na gunia bichi pia inafanya kazi.

#8 Mdau (Leicester, Uingereza)

Mimi nipo ughaibuni, nyumba ya kupanga ya zamani, bafuni wanatoka kila usiku. Huku kila mtoto anawajua. Nimegundua kitu nataka kuongeza, kwenye bustani huku kuna kingine kinajikunja duara vilevile, cheusi kinang'aa kama kimepakwa mafuta, nikasema ndo haohao. Kumbe ni jongoo! Jongoo mfupi wa kujikunja, anaitwa Glomeris. Kwa miguu ni rahisi maana ana pea 17 na zaidi, ila akishajikunja miguu huioni. Angalia kipande cha mwisho nyuma. Jongoo huyu ana ngao moja kubwa pana laini inafunika nyuma yote, wakati kidudu cha mtungi nyuma ana vipande vidogo vidogo vingi vimebanana. Nimeviweka viwili pembeni kwa pembeni kwenye sahani nyeupe tofauti ikaonekana hapohapo.

Na bafuni kweli ilikuwa bomba chini ya beseni. Lilipotengenezwa sakafu ikakauka, wakapotea wenyewe ndani ya wiki, sikununua dawa yoyote.

#9 Mleta uzi

Hii ya ngao ya nyuma nilikuwa siijui, asante ndugu. Wapo na majongoo makubwa wa kujikunja wa kundi jingine Afrika Kusini na Madagascar, wa Madagascar wengine akijikunja anafika ukubwa wa chungwa. Huku kwetu jongoo tuliyemzoea ni yule mrefu mweusi, huyo hajikunji kipira, anajizungusha bapa kama kamba iliyokunjwa, na anatoa maji ya njano kahawia pembeni yenye harufu kali yanayobakisha doa kwenye vidole, watoto wafundishwe wasijishike machoni baada ya kumchezea. Pingili nyingi za jongoo zina pea mbili za miguu kila moja. Tandu pea moja tu kila pingili, bapa, mbio, na anauma kwa sumu, huyo usimweke kwenye kiganja hata kama unataka kuhesabu.

#10 Mfugaji (Morogoro)

Naweza kuwalisha kuku? Mimi wapo wengi kwenye banda upande wa maji.

#11 Mleta uzi

Kuku wanawapenda sana, na wale wa kienyeji wanaojitafutia wanawala kila siku. Ila ujue kuna mnyoo mmoja wa tumbo la ndege, Dispharynx, ambaye mabuu yake yanakulia ndani ya hivi vidudu, kuku akimla ndo anaambukizwa. Kwahiyo kuokota wawili watatu ni kawaida yao, lakini kukusanya ndoo kwenye banda ambapo kinyesi cha kuku na vidudu vimekaa pamoja sikushauri. Kausha kwanza huo upande wa maji mkuu, pakikauka watahama.

#12 Mdau (Tanga mjini)

Je wale wanaokimbia kwenye mawe ya ufukweni na kuta za gati, wanafanana na hawa ila wakubwa na wana mbio sana? Mwanangu anawaita mende wa bahari.

#13 Mleta uzi

Ndo ndugu zao kabisa, wanaitwa Ligia, isopodi vilevile. Mwambie mwanao ahesabu, atapata 14, na aangalie ile mikia miwili nyuma, kwa Ligia ni mirefu na kila mmoja umegawanyika mara mbili. Wanaishi pale mawimbi yanaporushia maji, hawaendi mbali na bahari. Ukiwaona wale unaelewa hii safari ya kutoka baharini kuja mpaka chini ya mtungi wa bibi.

#14 Mdau (Mbeya)

Tupe mrejesho basi, kitalu kimeishia wapi?

#15 Mleta uzi

Mrejesho wakuu. Usiku tano mfululizo mimi na mdogo wangu tumetoka na tochi, kila mche uliolala tunafukua pembeni, tumetoa sota 23. Miche iliyobaki tumeizungushia vikola vya karatasi ngumu, tumezamisha kidogo ardhini ili sota asipenye kwa chini. Toka juzi hakuna mche mpya uliokatwa. Matandazo tumeyasogeza yasiguse shina, hayajaondolewa.

Vidudu vya mtungi vimeanza kurudi kutoka kwenye rundo la mboji. Mmoja jike nilimuweka kwenye chupa na majani mabichi ya mparachichi, nikageuza chupa nikaona chini ya kifua ana mfuko umejaa, wa njanonjano, maana mayai wanabeba wenyewe kwenye mfuko wenye majimaji mpaka yaanguliwe. Leo asubuhi mfuko umefunguka. Vitoto vyeupe vidogo kuliko punje ya ulezi vimetawanyika kwenye jani. Mdogo wangu akachukua ile lenzi ya kuvalisha kwenye simu akaanza kuhesabu, akaniita kwa sauti, dada, hawa wana 12! Nikamwambia ndo inavyotakiwa, pea ya saba inaota baadaye wakishajivua gamba. Amekataa kuwatoa kwenye chupa mpaka aione.